Anasoma Akiwa Nyumbani na Hamu Imekwisha: Jawabu kwa Familia za Wanafunzi wa Vyuo Vikuu

 

Miongoni mwa masuala yanayonifikia sana siku hizi, mengine baada ya darsa na mengine kwa simu kutoka Pemba, ni la mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepoteza hamu ya kusoma. Huja kwa sura nyingi, lakini nikiyakusanya pamoja huwa hivi:

"Sheikh, binti yetu alifaulu vizuri Fomu ya Sita akajiunga na chuo kikuu. Kwa kuwa ameolewa, tuliona bora achukue masomo ya mtandaoni, kampasi aende mara moja moja tu. Mwaka wa kwanza alikuwa na bidii. Sasa kompyuta haifungui, amepata sapu tatu, na akisemeshwa hulia. Mumewe anasema aache, ada inapotea bure. Je, huu si uvivu? Ana dhambi kwa fedha tulizomlipia? Tumlazimishe au tumuachishe?"

Pahala pa binti waweza kumuweka kijana wa kiume ambaye mchana hulala na usiku yupo na simu. Suala ni lile lile.

La dhambi na la kuachishwa nitayajibu mwisho, kwa sababu hukumu haitolewi kabla ya tatizo kufahamika. Na ninavyofahamu mimi, baada ya kusoma na kusomesha kuwili kote, chuoni kwa maana yetu ya zamani na chuo kikuu, aghlabu ya wanafunzi hawa si wavivu. Sisi tunadhani hamu ya kusoma ni kitu kinachokaa kifuani mwa mtu peke yake, akiwa nayo anayo, akiikosa basi. Kwa kweli hamu hushikiliwa na watu na nyakati zinazomzunguka mtu. Masomo ya mbali huviondoa vishikizo hivyo kimoja baada ya chengine, na wala hakuna aliyewaambia mwanafunzi na familia yake kwamba sasa ni wao wa kuvirudisha.

Safari iliyoondoka

Zamani kwenda chuo kikuu kulikuwa ni safari. Mtoto wa Wete alifungiwa begi lake, akasomewa dua, akapanda chombo Mkoani, na tangu siku hiyo nyumba nzima ilijua kuwa fulani yupo masomoni. Leo si lazima iwe hivyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kimejengwa juu ya fikra kwamba mwanafunzi abaki alipo, kazini kwake na nyumbani kwake, na chuo kimfuate kupitia vituo vyake vya mikoa, Unguja na Pemba zikiwemo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, hakikai pahala pamoja: kipo Tunguu, kipo Vuga, kipo Maruhubi, kipo Mbweni, na Pemba pia kina kampasi. Halafu ikaja korona, vyuo vikafungwa Machi 2020, na hata wahadhiri ambao hawakuwahi kushika kamera wakajifunza kusomesha kupitia kioo. Wapo pia vijana wetu waliojiandikisha vyuo vya nje ambavyo hawatavikanyaga mpaka siku ya mahafali, kama wataikanyaga hata hiyo.

Hii ni neema, na asiyeiona neema huenda akaikosa. Mama mwenye mtoto wa kunyonya, mwalimu wa skuli ya Micheweni asiyeweza kuacha darasa lake, kijana ambaye baba yake hana nauli wala kodi ya chumba mjini, wote hawa zamani mlango ulikuwa umefungwa kwao.

Lakini ile safari ilikuwa imebeba mambo ambayo hatukuyahesabu. Kijana aliyekaa dakhalia alikuwa akiamshwa na wenzake. Alikwenda darasani kwa sababu chumba kizima kinakwenda. Mhadhiri alimuona usoni, na siku asipomuona aliuliza. Na kubwa zaidi, alikuwa mbali na kazi za nyumbani. Msimu wa karafuu ukifika, aliye dakhalia Unguja haitwi. Aliye nyumbani Pemba huitwa kuchuma, kuchambua na kuanika, na akisema ana kipindi saa nne huonekana anakwepa, kwa sababu kipindi chenyewe hakionekani. Kinachoonekana ni mtu amekaa barazani na simu, eafoni masikioni.

Kwa binti ni zaidi. Mgeni akija, yeye ndiye wa kutia chai. Mtoto wa wifi akiumwa, yeye ndiye wa kumpeleka hospitali. Mkate, maji, gesi iliyokwisha, khitma ya jirani, vyote vinamuangukia yeye, kwani si yupo nyumbani? Neno hilo, "si yupo nyumbani tu", nadhani limewaangusha wanafunzi wengi kuliko hisabati.

Anayesoma kampasi ndogo, mbali na makao makuu ya chuo chake, ana mtihani wake pia. Huyu darasa analo, lakini mara nyengine mwalimu wa somo yupo kampasi nyengine na humuona kwenye kioo tu, au huja kwa siku chache akasomesha asubuhi hadi jioni kama anayepakia mzigo, kisha akaondoka. Maktaba kubwa ipo kule. Tangazo huanzia kule. Hili ni tatizo la vyuo vyenye kampasi nyingi popote duniani, na athari yake ni kuwa mwanafunzi hujiona ni wa daraja la pili hata kama cheti ni kile kile.

Mtaalamu mmoja wa elimu ya mbali, Michael Moore wa Marekani, alieleza jambo ambalo lingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila mhadhiri: umbali unaomdhuru mwanafunzi si wa maili, ni wa mazungumzo. Aliye Pemba ambaye suala lake limejibiwa na mwalimu yupo karibu zaidi kuliko aliyekaa kiti cha nyuma Unguja katika ukumbi wa watu mia tatu na hakuwahi kusema neno.

Ili msidhani kuwa haya ni udhaifu wa watoto wetu peke yao, tizameni wengine. Vyuo vya Harvard na MIT, vinavyosifika dunia nzima, vilifungua kozi za bure mtandaoni tangu mwaka 2012. Uchunguzi uliochapishwa 2019 katika jarida la Science ulionesha kuwa katika mwaka 2017 hadi 2018, kati ya kila watu 100 waliojiandikisha kozi hizo waliomaliza ni kama 3 tu. Kweli wengi walijiandikisha kwa kuchungulia, na hilo si sawa na shahada. Lakini hata miongoni mwa waliotoa fedha zao kwa ajili ya cheti, waliomaliza hawakufika nusu. Watu hao hawakukosa akili, na wengi wao walikuwa na shahada tayari.

Wanasaikolojia wawili, Edward Deci na Richard Ryan, wameishughulikia kwa miaka mingi sababu ya mtu kulipenda jambo akaliendeleza. Mwaka 1971 Deci alichapisha jaribio alilowafanyia wanafunzi kwa mchezo wa kupanga vipande. Waliolipwa kwa kila umbo walilolipanga, malipo yalipoondoshwa walipunguza kuucheza kwa hiari yao. Hawakuwa tena na sababu. Baadaye wawili hao wakaeleza kwamba hamu ya ndani hulishwa na mambo matatu: mtu aone kuwa amechagua mwenyewe, aone kuwa anaweza, na aone kuwa yupo pamoja na watu wanaomjali. Sasa mpeni mtihani huo binti wa suala letu. Kozi alichaguliwa na kaka yake kwa sababu ina ajira. Masomo yamemtangulia, kila akifungua haelewi. Na hana hata mtu mmoja anayejua kuwa leo alikuwa na kipindi. Yote matatu hana, kisha tunashangaa kuwa analia.

Elimu ya barua na elimu ya kuokota

Jambo hili si geni kwa Waislamu. Umma wetu umesoma kwa masafa tangu karne yake ya kwanza, na wanavyuoni waliyajua matatizo yake wakayapangia taratibu.

Jabir bin Abdillah (R.A.) alinunua ngamia akasafiri mwezi mzima mpaka Sham, kwa Abdullah bin Unays (R.A.), kwa ajili ya hadithi moja. Hiyo ndiyo safari. Lakini si kila mtu aliweza kusafiri, na ndipo wanavyuoni wa hadithi walipozipanga njia za kuipokea elimu daraja kwa daraja. Ya juu ni kumsikia mwalimu mwenyewe, kisha kumsomea naye akisikiliza. Baada ya hapo zinafuata ijaza na nyenginezo, ikiwemo mukataba, yaani mwalimu kumuandikia barua mwanafunzi aliye mbali. Ya mwisho kabisa ni wijada: mtu amekiokota kitabu akakisoma peke yake, bila ya mwalimu kumpa wala kumjua.

Mukataba waliikubali, na ndani ya Sahihi mbili, ya al-Bukhari na ya Muslim, zimo hadithi zilizopokewa kwa kuandikiana. Wijada waliitilia shaka, kwani hakuna wa kumrudi msomaji akikosea wala wa kumuuliza akikwama.

Mimi nayaona masomo ya mtandaoni kwa jicho hilo. Mwanafunzi anayetizama video iliyorikodiwa peke yake usiku, hajauliza, hajaandika, mwalimu hamjui hata jina, huyo kwa kweli yupo kwenye wijada, ameokota. Anayemuandikia mhadhiri wake suala moja kila wiki, akajibiwa, akaandika tena, amepanda mpaka mukataba. Somo ni lile lile na bando ni lile lile, lakini daraja si moja. Kwa hivyo mwanafunzi aliyekwama nampa kazi moja kwanza, kabla ya ratiba na kabla ya nasaha: leo mwandikie mhadhiri wako mistari mitatu, jina lako, kampasi yako, na kitu kimoja ambacho hukukifahamu. Wengi huona haya. Haya hapa si pahala pake.

Umar bin al-Khattab (R.A.) naye, tukitumia lugha ya leo, alikuwa mwanafunzi wa mbali. Alikuwa akikaa pembezoni mwa Madina, ana shughuli zake za maisha, hawezi kuhudhuria kwa Mtume (S.A.W.) kila siku. Imam al-Bukhari amepokea katika Kitabu cha Elimu kwamba alipatana na jirani yake wa Kiansari wapokezane: leo huyu ateremke, jioni arudi na habari ya wahyi na mengineyo, kesho ateremke yule. Hebu zingatieni! Huyu ni Umar, mtu wa himma isiyo na shaka, lakini hakuitegemea himma yake peke yake. Alikuwa na mwenza, na kila mmoja alijua kuwa mwenzake jioni atamsubiri. Nayo himma, kwa wanaokisoma kitabu cha Imam al-Zarnuji kuhusu adabu za mwanafunzi, imewekewa mlango wake, lakini mlango wa kuchagua elimu, mwalimu na mwenza umetangulizwa. Sidhani kama mpangilio huo ulikuja kwa bahati tu.

Na lipo la kuchoka. Abdullah bin Mas'ud (R.A.) alikuwa akiwawaidhi watu kila Alkhamisi tu. Walipomuomba awazidishie akakataa, akaeleza kuwa anachelea kuwachosha, na kwamba Mtume (S.A.W.) naye alikuwa akiwachagulia nyakati kwa kuchelea hilo hilo. Malik bin al-Huwayrith (R.A.) na vijana wenzake walikaa kwa Mtume (S.A.W.) siku 20, alipoona wameshakuwa na shauku ya watu wao, aliwauliza waliowaacha nyuma, kisha akawaruhusu warudi wakawafundishe. Aliona, na hawakuambiwa ni wavivu.

Nyumba yenye mwanafunzi

Basi familia ifanye nini? Kwanza nyumba nzima ijue saa ya kusoma. Si mwanafunzi peke yake. Mama, baba, mume, mama mkwe na wadogo zake wote. Sisi tuna saa tano tulizopewa na Mola wetu ambazo hazihitaji kengele, na jambo lililofungwa kwenye swala hushika kuliko lililoandikwa kwenye karatasi. Baada ya Alfajiri mpaka jua litoke, au baina ya Isha na kulala, chagueni moja. Saa moja na nusu ya kila siku inashinda siku nzima ya Jumamosi, na tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile ya kudumu, hata ikiwa chache.

Lakini msiishie kwenye ratiba. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa zaidi ya wanafunzi laki mbili na nusu wa kozi za mtandaoni za Harvard, MIT na Stanford. Miongoni mwa waliyoyajaribu ni kuwafanya waandike mapema mpango wao wa lini na wapi watasoma. Ulisaidia wiki chache za mwanzo, kisha athari yake ikafifia. Mpango usio na wa kuuliza hufa. Kwa hivyo awepo mtu mmoja nyumbani anayeuliza, na asiulize "umepata ngapi?" bali "leo umesoma nini, hebu nieleze". Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kuliuliza hilo, na mwanafunzi akimueleza bibi yake somo likaeleweka, basi naye ameshalifahamu.

Mwenza atafutwe kwa makusudi. Kwenye kampasi ndogo si vigumu, maana mnajuana. Kwa anayesoma mtandaoni, atizame orodha ya darasa. Mara nyengine mwenzake yupo Chake Chake au Mwanakwerekwe na hawajuani. Makundi ya WhatsApp ya darasa lenye wanaume na wanawake yanajuzu kwa sharti zake: mazungumzo yabaki kundini na juu ya somo, na mwenza wa kila siku awe wa jinsia yake. Wawili kuandikiana faragha usiku wa manane hakuhalalishwi na jina la somo.

Bando nayo ihesabiwe ndani ya ada tangu mwanzo. Nimewaona wazazi wanaolipa ada ya mwaka mzima bila ya kunung'unika, kisha wakagombana na mtoto kwa elfu chache za bando. Ni sawa na kununua ngalawa ukabania tanga.

Tuje kwa mwanafunzi aliyeolewa. Wanawake wa Madina walimlalamikia Mtume (S.A.W.) kuwa wanaume wamewazidi kumpata, wakamuomba awawekee siku yao. Akawaahidi siku, akakutana nao, akawawaidhi. Hawakuambiwa wasubiri elimu itakayosazwa na waume zao.

Na hapa nitasema ambalo baadhi ya akina baba halitawapendeza. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, kupika, kufua na kufagia si wajibu wa kisheria wa mke kwa mumewe. Ni wema wake na ni ada njema ya kuishi pamoja. Silisemi hili ili majiko yazimwe. Nalisema ili mume afahamu kuwa saa mbili anazomuachia mkewe asome hajazikata kwenye haki yake. Mama mkwe na mawifi ndio kabisa. Wao kwa bi harusi wana haki ya heshima, si ya utumishi. Mume aliyekubali mkewe asome, aseme yeye mwenyewe mbele ya watu wake: "Baina ya saa fulani na saa fulani msimuite." Maneno hayo akiyasema mke ni ujeuri, akiyasema mume ni utaratibu. Si haki, lakini ndivyo nyumba zetu zilivyo, basi na ayaseme yeye.

Nia, na kuhudhuria kwa jina

Wengine huniuliza kama inafaa kusoma kwa ajili ya ajira tu, wakidhani kuwa labda hamu imepotea kwa sababu nia haikuwa safi. Imam al-Ghazali ameihesabu tiba na hisabati kuwa ni katika fardhi ya kutosheleza, ambayo wakikosekana kabisa wa kuisoma umma mzima unabeba dhima. Kwa hivyo anayesomea uuguzi, ualimu au uhasibu akataka riziki ya halali ya kuwalisha wazee wake, hana lawama, na akinuia kuwanufaisha Waislamu ana ujira. Onyo kali lililokuja ni kwa anayeitafuta elimu ya dini, ambayo husomwa kwa ajili ya Allah, naye hataki ila dunia. Hata hivyo, yule asomaye kwa kuwa watu watasema nini, au ili asipitwe na binamu yake, sababu yake ni nyembamba. Ikishakatika watu wasimuone, kama ilivyo mtandaoni, hukatika nayo. Mzazi anayemlinganisha mtoto wake na wa jirani kila siku anamjengea nia ya aina hiyo kwa mikono yake.

Hamu ikiisha na aibu ikabaki, ndipo unapoingia udanganyifu. Mwanafunzi hufungua kipindi, jina lake likaonekana kwenye orodha, yeye akalala. Humlipa mtu amfanyie kazi za darasani. Au huiachia programu ya akili mnemba imuandikie kila kitu, naye akatia jina lake. Hukumu yake iko wazi: huku ni kughushi, na Mtume (S.A.W.) alipoona sokoni chakula kilicholowa kimefichwa chini ya kikavu alimkemea mwenye nacho na akajitenga na mwenye kughushi. Kuitumia programu hiyo ikueleze ulichokwama, kama chuo chako kimeruhusu, ni kama kumuuliza mtu. Kuitia jina lako kazi usiyoifanya ni uongo wa maandishi. Tena hudhuru ile hamu yenyewe. Kila kazi ya kughushi humuongezea mtu yakini kwamba yeye mwenyewe hawezi, na aliyeyakinisha kuwa hawezi hatafungua kitabu.

Jawabu la suala

Sasa niyajibu yaliyoulizwa.

Kupoteza hamu si dhambi, nyoyo hugeuka. Dhambi ni katika uongo, na katika kuipuuza amana kwa makusudi huku mtu akiweza. Ada aliyoitoa baba kwa hiari yake bila ya kushartisha irejeshwe ni hiba, haiwi deni kwa sababu mtoto amefeli. Mkopo wa Bodi ni deni, nao haufutiki kwa kuacha chuo. Atakayeacha ajue kuwa atalipa.

Mume hana budi kutizama alichoahidi. Ikiwa kabla ya nikahi ilishartishwa kuwa mke ataendelea na masomo, wanavyuoni wamekhitalifiana: Mahanbali wanaona sharti hilo linamfunga, na mke ana haki likivunjwa; mashuhuri kwa Mashafi ni kuwa haliwi kama hivyo. Lakini hakuna katika wao aliyesema kuwa kuvunja ahadi ni jambo jema, na Mtume (S.A.W.) amehimiza sana kutimiza masharti yaliyowekwa katika nikahi.

Kulazimisha sikushaurini, kwa sababu kunaua kile cha kwanza katika yale matatu, kuchagua. Kuachisha kwa hasira pia sikushauri. Mkae naye, bila ya hadhara ya ukoo, mumuulize vitu viwili: kozi hii umeichagua wewe? Na somo gani ndilo lililoanza kukushinda? Ikiwa kozi si yake, kuna njia ya kuhamia nyengine. Ikiwa ni somo moja lililomvuta chini, sapu ya somo hilo itafutiwe mwalimu kwanza na mengine yangoje.

Na kulia huko msikudharau. Akiwa halali, hali vizuri, na hata vitu alivyokuwa akivipenda havimfurahishi kwa wiki nyingi, hapo hatuzungumzii tena hamu ya masomo, huenda ni maradhi, na maradhi yana hospitali. Kumsomea ni jambo jema na hakupingani na kumpeleka kwa daktari.

Akihitaji kupumzika, kwa ujauzito, uzazi, maradhi au kuuguza, asiondoke kimya kimya. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo, kwa muhula au mwaka, kwa maombi ya maandishi yenye sababu na vielelezo vyake. Anayepotea bila ya taarifa na akaukosa mtihani aghlabu huandikiwa amefeli au ameacha, na kurudi huwa kuzito. Barua hiyo aiandike yeye mwenyewe, baba au mume amsaidie kuifikisha kampasi, na wabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Iende kabla ya mitihani kuanza.

Wallahu a'lam.